Bomba la inchi tatu halifungi bao

Mechi ya watani ikiisha pale Kwa Mkapa, kuna mechi nyingine inaanza kwenye maegesho. Vijana wanawasha magari, bendera dirishani, halafu mguu unakandamizwa kwenye mafuta gari likiwa limesimama palepale. Bomba linapiga mabaruti, watoto wanaziba masikio, wenye simu wanarekodi. Aliyeshinda anapiga kwa furaha, aliyefungwa anapiga kwa hasira. Na kila likinguruma gari moja kuliko mengine, lazima pembeni yako mtu aseme, "Hiyo ndiyo mashine sasa. Hiyo ina inchi tatu."

Mimi ni mtu wa mpira. Nalipwa kuandika nani kafunga, nani kakosa penalti na nani kasajiliwa dirisha dogo. Lakini leo naomba nitoke nje ya chaki kidogo, kwa sababu nimeona mashabiki wengi wa rika langu wakitupa pesa kwenye jambo hili. Kufunga injini kubwa kwenye gari la kawaida imekuwa fasheni. Mtu anajinyima miezi minane kununua injini, halafu bomba la moshi analichagua kwa dakika mbili, kwa masikio.

Msimamo wangu ni mmoja. Kipenyo cha bomba kinachaguliwa na injini, hakichaguliwi na sikio. Fundi anayekuchomelea inchi tatu bila kukuuliza umefunga injini gani ni sawa na kocha anayepanga kikosi bila kujua kesho anacheza na nani.

Nimejifunza kwa gharama, na gharama yenyewe ilikuwa ya kaka yangu.

Kaka ana Mark II Grande, GX110. Ilikuja na injini ya 1G-FE, silinda sita, lita mbili, yenye nguvu za farasi 160 ilipotoka kiwandani. Ilipoanza kula oili, akaamua asiifufue. Akanunua 1JZ-GE ya mtumba, lita mbili na nusu, isiyo na turbo, farasi 200. Fundi wa injini alifanya kazi safi: ikakaa, ikawaka, taa ya injini kwenye dashibodi haikuonekana. Likabaki bomba.

Fundi wa kuchomelea aliuliza swali moja tu: "Unataka isikike?" Kaka akajibu ndiyo. Jioni akaondoka na bomba la inchi tatu kuanzia chini ya manifodi mpaka nyuma, masega yametolewa, sailensa ndogo kama kopo la maziwa ya unga. Laki nne na nusu. Mtaani tulipewa pongezi kama tumechukua ubingwa.

Wiki mbili baadaye tukaenda Mbeya watu wanne, mimi kwa kazi, wenzangu kwa ushabiki, kuwahi mechi ya Uwanja wa Sokoine. Mpaka Mikumi gari lilikuwa tamu, maana barabara ni tambarare na injini inazunguka vizuri. Shida ilianza Kitonga. Wanaoijua wanaijua: kona kali, mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, malori yanapanda kwa mwendo wa konokono. Pale unataka gari lenye nguvu ya kuvuta chini, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 au 2,500, siyo kelele za juu. Kaka akikanyaga, gia inashuka, bomba linaunguruma bonde zima, gari linasogea kama limefungwa breki. Zamani na ile 1G iliyochoka tulikuwa tunapanda pale bila maneno. Sasa tuna farasi 40 zaidi na tunahangaika.

Baada ya Iringa yakaja matuta. Bomba la inchi tatu chini ya Grande linaning'inia, na watu wanne pamoja na mabegi wanalishusha zaidi. Kila tuta tulisikia mkwaruzo, na moja likatoa mlio wa chuma kuachia. Kaka akasema, "Tutaangalia mbele." Usiku ulishaingia, baridi ya Mafinga ikaingia nayo, tukafunga vioo vyote.

Karibu na Makambako jamaa yetu wa nyuma akaanza kulalamika kichwa. Mwenzake alikuwa amelala, tukimwamsha anajibu kama mlevi. Tulidhani ni uchovu, mpaka na mimi nikasikia kichefuchefu. Tukasimama, tukafungua milango, tukakaa nje kama nusu saa. Kichwa kikaanza kuachia. Kaka alipopiga tochi chini, akakuta chomeleo la nyuma ya giaboksi limepasuka, moshi wote unamwagika chini ya sakafu badala ya kutoka nyuma.

Wadau, hili si la kuchekea. Ndani ya moshi wa petroli kuna gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni. Inaanza na kichwa, inafuata usingizi, na asiyeamka kwenye usingizi huo haamki tena. Sisi tulifika Mbeya asubuhi vioo vikiwa wazi, tumevaa majaketi na mashuka, na niliandika ripoti ya mechi. Lakini kila nikilikumbuka lile eneo la Makambako najiambia kwamba ripoti hiyo ingeweza kuandikwa na mtu mwingine, na isingekuwa ya mpira.

Tuliporudi Dar, kaka alikwenda kwa fundi mmoja mtu mzima maeneo ya Gerezani. Yeye aliuliza maswali matatu kabla ya kuinama chini ya gari. "Injini gani, kijana? Ina turbo au haina? Na gari unalitumia kwa kazi gani?" Alipojibiwa, akacheka kidogo. "Basi mwenzangu alikuuzia bomba la gari la mtu mwingine."

Nilikaa naye mchana mzima. Baadaye nikasoma zaidi, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Injini ni pampu ya hewa. Inavuta hewa, inachanganya na petroli, inachoma, inatoa moshi. Lakini moshi hautoki mfululizo kama maji ya bombani. Unatoka kwa vishindo: valvu ya silinda moja ikifunguka, kishindo kimoja kinaondoka, inafuata silinda nyingine. Kishindo kinachokimbia kinaacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo unasaidia kunyonya moshi wa silinda inayofuata. Silinda ikisafishwa vizuri, inapata nafasi ya kuingiza hewa mpya zaidi. Hapo ndipo nguvu inapotoka.

Fikiria watu 60,000 wanatoka Kwa Mkapa baada ya filimbi ya mwisho. Ukiwafungulia kageti kamoja, watabanana, watasukumana, na waliopo jukwaani hawatashuka. Hilo ni bomba jembamba kwenye injini kubwa. Sasa chukua mashabiki 2,000 wa mechi ya Jumatano mchana, uwafungulie mageti yote. Hawabanani, lakini pia hakuna mkondo. Kila mmoja anatembea kivyake, anasimama kununua karanga, anarudi kumsubiri mwenzake. Hilo ni bomba pana kwenye injini ndogo. Moshi unapunguza mwendo, unapoa njiani, na ule mvuto wa kishindo unafifia, hasa injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Na mizunguko ya chini ndiyo maisha yetu: foleni ya Mandela, matuta ya Mbagala, mlima wa Kitonga.

Gereji nyingi utaambiwa injini "inataka kubanwa kidogo" ili ivute. Si kweli. Hakuna injini inayopenda kubanwa, kama hakuna winga anayependa kukabwa. Inachopenda ni moshi uende kwa kasi. Ukitafuta bomba, unatafuta lile lisilobana injini ikiwa kwenye nguvu zake zote, na wakati huohuo lisilo pana kiasi cha kuulegeza mwendo wa moshi unapoendesha taratibu. Kila injini ina lake.

Kosa kubwa la kwanza ni kudhani kwamba kutoka inchi mbili kwenda tatu umeongeza kidogo tu. Tundu halikui kama namba inavyosomeka. Bomba lenye kipenyo cha inchi mbili lina tundu la inchi za mraba 3.1. Inchi mbili na nusu lina 4.9. Inchi tatu lina 7.1. Kwa hiyo kutoka mbili kwenda tatu, tundu limekua mara mbili na robo. Moshi uleule, injini ileile, unapita kwa chini ya nusu ya mwendo wake wa mwanzo.

Kuna hesabu ya haraka ambayo mafundi wa mabomba wanaitumia: kila inchi moja ya mraba ya tundu la ndani inatosha takribani farasi 50. Ukitoa unene wa bati, bomba moja la inchi mbili linahudumia kama farasi 140. Inchi mbili na robo, kama 180. Mbili na nusu, kama 220. Inchi tatu, kama 325. Si Katiba, ni kianzio. Ila kinatosha kukuepusha na aibu.

Sasa weka magari yetu kwenye hesabu hiyo. IST yenye injini ya 1NZ-FE, lita moja na nusu, ina farasi kama 109. Inchi mbili inaitosha na chenji inabaki. Grande yenye 1G-FE ya farasi 160, mbili na robo inatosha. Ya kaka yenye 1JZ-GE ya farasi 200, ni mbili na nusu. Hapo utaona kwamba inchi tatu aliyouziwa ni ya injini yenye zaidi ya farasi 300. Alinunuliwa jezi ya beki wa kati, akavalishwa mtoto wa shule ya msingi.

Wenye turbo naona wananyoosha mikono. Ni kweli, kwenu habari ni nyingine. Turbo inazungushwa na moshi wenyewe, na vile vishindo nilivyoeleza vinavunjikavunjika ndani yake. Baada ya turbo hakuna mvuto wa kulinda tena, kilichobaki ni kuufungulia moshi njia. Bomba likiwa pana, turbo inaamka mapema zaidi. Kwa hiyo aliyefunga 1JZ-GTE, farasi 280 kutoka kiwandani, inchi tatu ni haki yake kabisa. Na hapa kuna kosa la upande wa pili ambalo nalo nimeliona mtaani: mtu anafunga injini ya turbo, pesa inamwishia, anaunganisha na bomba lilelile jembamba la injini ya zamani. Turbo inachemka, joto linarudi kwenye injini, halafu anasema 1JZ ni jina tu. Umesajili mshambuliaji wa mabao 20, ukamchezesha beki wa kushoto.

Kama unadhani milimita ni mambo madogo, waangalie watu wa rali. Safari Rally ya Kenya iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, pale Naivasha kila mtu alishangaa mbio zile. Lakini waandaaji wa mashindano yale wanadhibiti nguvu za magari kwa kitundu tu. Wao wanabana upande wa kuingiza hewa, kwenye mdomo wa turbo. Mwaka 2017 kitundu cha magari ya daraja la juu kilipanuliwa kutoka milimita 33 kwenda 36, na nguvu zikapanda kutoka farasi kama 300 hadi kama 380. Milimita tatu hizo. Watu wenye wahandisi na kompyuta wanagombania milimita tatu, sisi tunaongeza inchi nzima kwa sababu jirani anayo.

Niwe mkweli pia. Sitaki kusema kipenyo peke yake ndicho kilichotuaibisha Kitonga. Yule fundi wa Gerezani alikuta mambo mengine mawili, na nayaandika kwa sababu yanawapata wengi.

La kwanza ni mikunjo. Bomba lilikunjwa kwa nguvu, kwenye kona likawa limebonyea. Unalipia inchi tatu, kwenye kona unapewa mbili na kitu. Upana halisi wa bomba ni upana wa mahali pake pembamba kuliko pote, na moshi unapopanuka, unabanwa, unapanuka tena, unapoteza mwendo bila faida. Bora mbili na nusu yenye kona laini kuliko tatu iliyopondwa. Mwambie fundi atumie kona zilizokwisha kuundwa, akate na kuunganisha, asilazimishe bomba nyoofu kupinda.

La pili ni kuvuja karibu na sensa ya oksijeni. Sensa hiyo inaonja moshi na kuiambia kompyuta ya gari kama petroli inatosha. Bomba likivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia kwenye moshi, sensa inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza. Gari linakunywa, plagi zinakuwa nyeusi, mwenye gari analaumu injini ya Japan. Kaka alikuwa anajaza tangi mara nyingi kuliko kawaida na tulishaanza kusema 1JZ inakula sana. Kumbe ilikuwa inadanganywa.

Najua kuna watakaosema, "Mwandishi, sisi kelele ni burudani, usitupangie." Sipangi. Mimi mwenyewe vuvuzela nimepuliza. Lakini jueni kwamba sauti na kipenyo ni vitu viwili. Sauti inaamuliwa zaidi na sailensa: ukubwa wake, kilichomo ndani, na idadi yake. Unaweza kuwa na mbili na nusu yenye mlio mzito, mtamu, usiomwamsha mtoto wa mtu Chang'ombe saa nne usiku. Na unaweza kuwa na inchi tatu inayolia kama pikipiki mbovu. Ukitaka mlio, nunua sailensa nzuri. Usinunue upana usiouhitaji.

Hoja nyingine ninayoisikia ni ya bajeti ya baadaye: "Naweka tatu sasa, turbo nitafunga mwakani." Hii nayo naielewa, na kwa mwenye mpango wa kweli na pesa mkononi ina mantiki. Ila wengi ninaowajua hiyo mwakani imefika mara tatu. Wakati huo wote wanapanda milima kwa kelele. Jenga timu ya msimu huu kwanza.

Kaka alirudi kwenye inchi mbili na nusu. Fundi akaweka kiungo laini kinachochezacheza nyuma ya manifodi ili mtikisiko wa injini usipasue machomeleo, masega yakarudi, sailensa moja ya katikati na moja ya nyuma, na bomba likapandishwa juu kufuata njia ya lile la kiwandani. Laki tatu na ushee. Jumlisha na ile laki nne na nusu ya mwanzo, upate bei ya kutouliza maswali. Kabla hajaondoka, fundi aliwasha gari, akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene, akasikiliza kila chomeleo kama daktari. Hakuna lililopuliza.

Basi wewe uliyefunga injini mpya na wiki hii unakwenda kwa mchomeleaji, nenda na vitu vitatu kichwani: jina la injini yako, nguvu zake, na kama ina turbo au haina. Fundi asipouliza, mwambie. Akikuambia "weka tatu tu, ndiyo habari ya mjini", muulize kwa nini. Akishindwa kujibu, funga mlango, tafuta mwingine. Kazi ikiisha, pima vuvujo mbele yako, pita juu ya tuta moja ukiwa na abiria wa kutosha, ndiyo utoe pesa. Na namba mpya ya injini ipeleke TRA iingie kwenye kadi ya gari, usisubiri siku ya ajali.

Mechi iliyopita tuliegesha Kwa Mkapa karibu na wale vijana wa mabaruti. Mmoja akaisikia Grande ya kaka ikiwaka, akamwonea huruma. "Bro, 1JZ halafu haisikiki?"

Kaka akamuuliza kama Mbeya anakwenda. Akasema anakwenda.

"Poa," kaka akamwambia. "Lakini ukifika Mafinga, kioo cha nyuma usifunge chote."